Ndoo Yangu ya Mbege

Nilianza kupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa sababu ya ubahili, wala sioni haya kusema. Kilabuni hapa Moshi kata moja huita nyingine, na mshahara haujui kuitika. Nikajiuliza: ndizi mbivu, ulezi na maji, vinamshindaje mhasibu mzima?

Kumbe vinamshinda. Nilikwenda kuuliza vipimo kwa akina mama wanaopika. Wa kwanza akasema, "Ndizi weka za kutosha, Mangi." Nichemshe kwa saa ngapi? "Mpaka ziwe nyekundu." Wa pili alikunywa kwanza soda niliyomnunulia, akafuta mdomo, akaniambia yule wa kwanza hajui kupika. Ama magome ya msesewa, yale ya kutia uchungu, kila mmoja ana kiasi chake na hakitaji. Nimekagua vitabu vya watu wenye mengi ya kuficha, lakini siri ya namna hii sijapata kuiona.

Nikaanza hivyo hivyo. Ulezi nikauloweka, nikaufunika kwa gunia uchipue. Mke wangu akauliza ni nini kimefia jikoni. Nilipouanika uani, kuku wa jirani wakala karibu nusu, na jirani mwenyewe akaja juu: wakivimba matumbo, nitamlipa.

Ndizi nazo nikazichemsha kutwa, kuni zikaniishia, nikamalizia na mkaa wa pilau ya Jumapili. Zilipopoa nikazitia kwenye ndoo ya lita 20, nikakaza kifuniko barabara, nzi wasiingie. Hakuna aliyeniambia kwamba mbege inapumua! Chachu inakula sukari ya ndizi, inatoa hewa, na hewa lazima ipate pa kutokea. Usiku wa pili, saa nane, ikalipuka. Kifuniko kilipiga dari, na mama mkwe, aliyekuwa amekuja kututembelea, akaanza kukemea mapepo. Doa liko darini mpaka leo.

Kilichobaki nikakiacha wazi siku mbili tatu, nikakichuja, nikachanganya na uji wa ulezi. Kesho yake nilikuwa na lita nane, zangu peke yangu. Hapo ndipo nikagundua hesabu niliyoisahau: mbege haiwekwi akiba. Leo tamu, kesho inauma ulimi, keshokutwa imechachuka. Bahili gani anaweza kunywa lita nane kabla hazijaharibika? Nikajitwika ndoo, nikarudi kwa wale wale akina mama.

Mkubwa wao, bibi mmoja mwenye umri wa mama yangu, akateka kata, akaonja, akakaa kimya akiutazama mlima.

"Pole, baba," akasema. "Nani anaumwa nyumbani?"

"Hakuna, bibi. Kwa nini?"

"Naona umepika uji."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini kata aliimaliza, akateka nyingine, akawapitishia wenzake. Ndoo ilipobaki tupu akaniambia, "Jumamosi uje alfajiri. Uje na shoka."

Nimekwenda Jumamosi nne sasa. Napasua kuni, nachota maji, nakoroga sufuria linalonizidi kifua. Vipimo bado sijapewa. Ila kata ya kuonja, ile inayotangulia kabla wateja hawajafika, siku hizi ni yangu, tena ya bure. Hesabu zimekaa sawa, ukiacha mgongo.