Boila Ing'olewe? Kwanza Tuambie Waya ni wa Ngapi

Msyuuu! Mtu anatoka dukani na boksi kwapani, anapita hapa kijiweni uso umemchangamka: kesho boila inang'olewa, anafunga hita ya papo kwa papo, ile ya kuning'inia juu ya kichwa, isiyo na tangi, maji yanapata moto huku yanapita. Hongera. Tukamuuliza, shemeji, waya unaoenda bafuni ni wa ngapi? Akatutazama. "Fundi atajua." Fundi yupi? "Yule aliyenifungia taa za nje." Loh, jamani!

Simlaumu kwa kutaka kubadilisha. Juni na Julai za Arusha tunazijua. Mawingu yanalala juu ya Meru siku nzima, maji ya bomba yanauma mpaka kwenye mifupa, na hata wenye mitambo ya sola darini wanaambulia maji ya vuguvugu. Boila yake ya lita 80 imezeeka, chini inatoa kutu, na mama watoto huamka alfajiri kuiwasha ili watoto waoge kabla ya gari la shule. Ana haki ya kuchoka. Ila sababu aliyotupa ndiyo iliyomsonyesha mzee wetu wa kushona viatu hapa kijiweni: eti hita mpya itakula nusu ya umeme wa boila.

Nani kamwambia? Maji hayajali yamepashiwa wapi. Kupasha lita 30 kutoka nyuzi 16 mpaka 40, kiasi cha mtu mzima kuoga akaridhika, kunataka karibu uniti 0.85, iwe ndani ya tangi au njiani kwenye bomba. Watu watano, kila siku, mwezi mzima, ni uniti 125 hivi. Hapo hakuna mjanja. Faida ya kukosa tangi iko kwingine: tangi linapoa. Ukiiacha boila inawaka kutwa na nyumbani hakuna mtu, maji yanapashwa, yanapoa, yanapashwa tena, na wewe ndiye unayelipia. Kwa anayeishi peke yake, au mke na mume wanaorudi jioni wakaoga mara moja, hita ya papo kwa papo inawafaa kabisa. Nyumba ya watu watano wanaopanga foleni asubuhi, boila ikawashwa kwa saa yake na kuzimwa, tofauti ni ndogo mno.

Na wewe uliye kwenye daraja la D1, unayenunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, usikimbie, hili linakuhusu. Bei hiyo ni ya uniti 75 za mwanzo wa mwezi. Ukizivuka, zinazofuata ni shilingi 350 kila moja, na ukizoea kuvuka unahamishiwa kwenye 292 ya wateja wa kawaida. Kuoga maji ya moto kwa familia nzima, bila hata kuhesabu friji na pasi, kunakuvusha. Dada anayetuuzia chai alipoisikia hesabu hiyo aliacha kumimina.

Sasa turudi kwenye waya, maana hapa ndipo roho za watu zilipo. Hita hizi nyingi ni za wati 5,500. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 24 hivi. Boila yake ya wati 1,500 haifiki hata ampea 7, ndiyo maana imekaa miaka yote kwenye waya wa 2.5, yaani milimita za mraba, bila kelele. Ukiipachika hita mpya kwenye waya huohuo, uliobanwa ndani ya ukuta pamoja na wenzake, unaupeleka ukingoni mwa uwezo wake kila asubuhi. Wapo wanaothubutu kuunga kutoka kwenye laini ya taa, waya wa 1.5! Ganda linalainika, ukuta unanuka, na siku ya moto wanasema ni hitilafu ya umeme. Hita hii inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye meni swichi, waya wa 6 kama bafu liko mbali, na breka yake ya ampea 32.

Halafu waya wa ardhini. Ee Mungu wangu! Kwenye hita nyingi za bei ya chini elementi iko uchi, imezama ndani ya maji yaleyale yanayokushukia kichwani. Kinga yako ni waya wa ardhini uliofika ardhini kweli, pamoja na kile kifaa cha kukata umeme ukivuja, cha miliampea 30. Ukienda kuangalia kwenye nyumba za kupanga, waya wa kijani na njano umekunjwa, umefungwa selotepu, umesukumwa ndani ya dari. Mtu anasema "nikishika bomba natetemeshwa kidogo tu." Kidogo tu! Mtoto aliyelowa, peku, kwenye sakafu ya saruji, hana kidogo tu. Na ndugu zetu wa Dar wenye visima vya maji ya chumvi waulize dukani hita ya maji ya chumvi, kwa sababu maji hayo yanapitisha umeme zaidi na elementi ya kawaida haidumu.

Kijana wa boda akauliza kuhusu presha. Swali zuri. Simtanki ikikaa mita moja tu juu ya bomba la kuogea, presha ni sehemu ya kumi ya baa. Hita nyingi hapo haziwaki, au zinawaka na kuzima, au elementi inaungua kwa kukosa maji. Nyanyua mnara au nunua pampu, na hiyo pampu uihesabu kwenye gharama. Umeme nao ukishuka, kama unavyoshuka mitaani jioni kila mtu anapopika, zile wati 5,500 hazipo tena. Volti 180 zinakupa wati 3,400 hivi. Kwa baridi yetu hiyo ni lita mbili za maji ya kuogea kwa dakika, ndoo ya lita 20 inachukua dakika kumi. Umeme ukikatika kabisa, mwenye boila bado anaoga maji ya jana usiku. Mwenye hita mpya anatafuta sufuria na mkaa.

Dada wa chai akaongeza jambo ambalo sisi wanaume tulilisahau: mzazi. Nyumbani akiwepo aliyejifungua, anakandwa kwa maji ya moto hasa, si ya kuogea, na yanatakiwa mengi kwa mkupuo. Hita ya juu ya kichwa hailiwezi hilo.

Kuna anayesema basi anunue ya gesi. Inapasha vizuri na haiogopi umeme mdogo, ila isifungwe ndani ya bafu, hata bafu liwe na kidirisha. Moshi wake una sumu isiyonuka, inayoua mtu akiwa anaoga. Ifungwe nje, ukutani, penye hewa.

Shemeji tulimwambia hivi: bafu la mgeni, linalotumika mara chache, afunge hiyo ya papo kwa papo, laini mpya, waya wa ardhini upimwe mbele ya macho yake. Bafu la watoto abakize boila, anunue nyingine ya lita 50 yenye valvu nzima ya kupunguza presha, na kiwashio cha saa ili mama watoto alale. Boksi alirudishe dukani mpaka laini itandikwe. Na fundi wa taa za nje akimwambia waya wa ardhini si lazima, ampe nauli yake aende.