Mwongozo wa Kunyoosha Silinda Hedi ili Mteja Arudi Wiki Ijayo

Hongera, ndugu fundi. Umenunua mashine ya milingi ya mtumba, imeshuka bandarini na rangi mpya ya kijani juu ya kutu ya zamani, na tayari umeandika ukutani kwa herufi nyekundu: TUNANYOOSHA SILINDA HEDI AINA ZOTE. Kazi itakuja yenyewe. Dar es Salaam haikosi dereva aliyeona mshale wa joto umepanda akajisemea, "Nitafika tu." Hedi ya aluminiamu hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya bloki ya chuma cha kusubu iliyo chini yake. Ikichemka huku imebanwa na bolti pande zote, haina pa kutanukia, basi inapinda. Gasketi inaachia, maji yanaingia kwenye oili, oili inageuka chai ya maziwa, na mteja anakuletea hedi ndani ya kiroba huku uso wake umenuna.

Sasa fikiri kibiashara. Ukimnyooshea sawasawa, atarudi lini? Fuata mwongozo huu na utamwona kabla ya mwezi kuisha.

Jambo la kwanza ni kutopima. Vitabu vya injini nyingi za magari madogo havivumilii upindo unaozidi milimita 0.05 hivi, na kuujua unahitaji rula ya chuma iliyonyooka kwelikweli pamoja na fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia pengo. Rula inalazwa kwenye kingo nne za hedi, kisha kwenye pembe kwa pembe mara mbili, na fila inajaribiwa chini yake kila mahali. Hayo ni mambo ya watu wasio na foleni mlangoni. Wewe pitisha kiganja juu ya hedi, funga jicho moja, tikisa kichwa, useme: "Bosi, hii imepinda vibaya." Hutakosea sana, maana hedi isiyopinda haiji kwako.

Usiangalie pia upande wa juu, kunakokaa kamshafti. Hedi ikipinda, inapinda nzima, na vitako vya kamshafti vinapinda nayo. Ukichonga uso wa chini peke yake, chini kutakuwa bapa na juu kutabaki upinde, na kamshafti itazunguka kwa kukwamakwama mpaka ikatike. Kuna mafundi ambao kwanza huirudisha hedi kwa joto la taratibu, wameibana kwenye bamba nene na kuweka shimu, yaani vipande vyembamba vya kujazia pengo, ndipo huchonga kidogo mno. Waache na uzee wao.

Tufike kwenye kubana, maana hapa ndipo penye siri tamu kuliko zote. Weka hedi iliyopinda juu ya meza ya mashine, chukua spana ndefu, kaza vibano mpaka hedi ilale kabisa na pengo la chini lipotee. Imenyooka! Ichonge hivyo hivyo. Uso utatoka bapa, utang'aa, mteja atajiona humo na kupanga meno. Kisha legeza vibano. Hedi itarudi kwenye umbo lake la zamani, safari hii ikiwa na uso mpya uliopinda. Fundi mwenye roho mbaya kwa biashara angetia shimu chini ya pengo na kukaza kwa kiasi tu, ili hedi isilazimishwe popote. Ndiyo maana fundi huyo hana gari.

Kabla hujawasha, nikueleze mashine inafanya nini, usije ukaaibika mbele ya mwanafunzi wa VETA aliyekuja mafunzo kwa vitendo. Spindo imesimama wima, chini yake kuna kisahani chenye meno ya kabaidi ukingoni. Kisahani kinazunguka, meza inaipitisha kazi chini yake, na ncha za meno zinafagia duara moja juu ya chuma. Kinachoufanya uso uwe bapa ni mambo mawili yasiyoonekana: spindo iwe wima kamili juu ya meza, na meza iteleze bila kuyumba. Ubapa wote wa hedi unatoka kwenye mashine. Mashine iliyochoka hainyooshi kitu, inagawa uchovu wake kwa kila kinachopita.

Kwa hiyo usiiguse spindo. Usifunge geji ya mshale kwenye spindo na kuizungusha kwa mkono juu ya meza ili kuona mshale unacheza kiasi gani. Hesabu yake inatisha. Chukua kisahani cha kipenyo cha milimita 200 na hedi yenye upana wa milimita 150. Spindo ikiinamia upande wa mwendo kiasi cha milimita 0.1 kutoka ukingo hadi ukingo wa kisahani, inachimba bonde la milimita 0.017 hivi katikati ya hedi, urefu wote. Inamisha hadi 0.3 na umeshamaliza ile 0.05 yote bila kutoa jasho. Nakiri kwamba mafundi makini nao huinamisha spindo unywele tu, ili meno ya nyuma yasikwaruze uso uliokwisha kukatwa. Tofauti ni kwamba wao wanajua wameinamisha kiasi gani.

Kama kisahani chako ni kidogo kuliko hedi, usihangaike kutafuta kikubwa. Pita mara mbili. Mpishano wa njia hizo mbili utaacha kingazi katikati, na gasketi itakutana nacho.

Meno nayo yasikupe homa. Weka mapya mawili, ya zamani matatu, na moja lililovunjika ncha. Lililotokeza kuliko mengine ndilo litakaloandika uso peke yake, yaliyobaki yatapiga makofi. Kuna wanaotumia jino moja tu kwa makusudi, na kwa hedi ni njia nzuri sana, kwa sharti kwamba uende polepole. Kwa aluminiamu, mita 400 kwa dakika kwenye kisahani hicho cha milimita 200 ni mizunguko kama 637. Jino moja likila milimita 0.1 kila mzunguko, meza inasogea milimita 64 kwa dakika, na hedi ndefu itakula dakika kumi. Dakika kumi! Wewe sukuma meza kwa mkono, kwa kasi ya hasira zako. Na mafuta ya taa usimwagie, hata kama yanazuia aluminiamu isigandie kwenye jino. Yamepanda bei.

Mteja akiona mistari, piga msasa. Kung'aa kunauza. Gasketi za kisasa za tabaka za chuma zinataka uso laini, mara nyingi chini ya mikromita 1, lakini zinataka kwanza uso bapa, na msasa wa mkononi unakula zaidi kingo na sehemu laini. Utapata kioo chenye mabonde.

Kuna Mwingereza mmoja aliyetuharibia sana soko. Joseph Whitworth, mwaka 1840, alisimama mbele ya wanasayansi mjini Glasgow akaeleza namna ya kupata uso bapa wa kweli. Unachukua mabamba matatu, unayalinganisha mawili mawili kwa zamu, na kukwangua kila penye kugusana. Mawili hayatoshi, kwa sababu moja linaweza kuwa na tumbo na jingine shimo, yakalaliana vizuri na yote yakawa ya uongo. La tatu ndilo linaloumbua. Alisisitiza pia kukwangua badala ya kusuguanisha kwa unga wa msasa. Miaka inakaribia 200 sasa, na karakana ngapi za mjini zina hata bamba moja la kulinganishia?

Ukimaliza, chonga tena kidogo "kwa usalama". Unene wa chini ulioandikwa na watengenezaji usikusumbue. Hedi ikipungua, mgandamizo unapanda, injini ya petroli inaanza kugonga, na ya dizeli valvu zinaweza kusalimiana na pistoni. Mteja akilalamika, mshauri aweke gasketi mbili. Chembe zilizoingia kwenye njia za maji na oili ziache humo, zitatoka zenyewe zikishafika kwenye beringi. Na uso wa bloki hakuna aliyekuuliza.

Onyo moja tu. Atakuja mteja mmoja amebeba rula yake ya chuma na fila, atakuomba upime mbele yake kabla ya kuchonga, na upime tena hedi ikishafunguliwa vibano. Mpe kiti, mpe soda, umwambie mashine mbovu. Ukimfanyia anavyotaka, gari lake litapona na hutamwona tena.