Ogopeni Kiporo, Si Mionzi

Ndugu zangu wa Ngamiani, Tanga, wakubwa shikamooni. Wadogo, marahaba, najua mlikuwa mbioni kunisalimu. Ule ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye kundi la ukoo, wa yule daktari asiye na jina wala hospitali anayedai chakula cha maikrowevu hubaki na mionzi tumboni, umeshatufikia huku Uingereza, na umepokewa kwa heshima zote. Wana wenu wenye shahada sasa wanabonyeza kitufe na kukimbilia sebuleni, kana kwamba wamewasha fataki. Naandika kumtetea mshitakiwa, yaani maikrowevu. Sisemi hana kosa. Kosa lake ni jingine kabisa, na sisi watu wa pwani ndio tunaomsaidia kulitenda.

Ndani ya sanduku mna magnetroni, kifaa kilichokuwa kikitumika kwenye rada za kivita. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon huko Marekani, alisimama karibu nacho na peremende yake ya chokoleti ikayeyuka mfukoni. Mwingine angelalamikia suruali, yeye akaona jiko. Mawimbi yake ni ya gigahezi 2.45, ukoo mmoja na ya redio. Huyatikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka yakapata moto, basi. Hayana nguvu ya kugeuza chakula kuwa na mionzi, na mashine ikizimika nayo yamekwisha. Wimbi moja lina urefu wa sentimita 12 hivi, ilhali vitundu vya wavu wa mlangoni ni vya milimita chache tu, ndiyo maana mnaiona sambusa ikizunguka na wimbi halitoki. Mtauliza: na mlango ukipinda? Hapo mna hoja. Mlango uliolegea au usiofunga sawasawa, acheni kuitumia mashine. Na yule fundi wetu wa mtaani, anayefufua redio kwa bisibisi na dua, mwambieni hii aipishe: ndani mna kapasita inayoweza kuhifadhi umeme wa kuua hata plagi ikiwa imechomolewa.

Kosa lenyewe ni kwamba mashine hii haipashi sawasawa. Mawimbi yakigongana humo ndani, mahali pengine joto linazidi na pengine linapungua, na sahani huzungushwa ili kupunguza aibu hiyo. Pembeni mchuzi unatokota, katikati kuna kipande cha kuku bado kina baridi ya friji. Ndipo yanapokuja maandishi ya kwenye paketi za huku, ambayo yanahitaji mwanasheria: wati 800, kundi E, dakika 3, toa, koroga, rudisha, dakika 2, kisha acha kitulie dakika 1 kabla ya kula. Watu wamenunua mashine kwa sababu ya haraka, mashine inawaambia wangoje! Lakini amri hiyo ina akili. Katika kutulia, joto la pembeni husafiri kuelekea katikati, na chakula kinatakiwa kifike nyuzi 70 za Selsiasi kote kwa dakika 2 ili vijidudu vife. Nyumbani kazi hiyo hufanywa bila maandishi. Jiko la mkaa lina mtu wa kupepea, mtu wa kukoroga, mtu wa kuonja na mwingine aliyepita tu akapewa kijiko. Hili la maikrowevu halina mtu. Mlaji ni mmoja, kasimama na uma, anahesabu sekunde. Asipokoroga yeye hakuna wa kumkorogea.

Sasa kiporo. Wali uliolala kwenye sufuria chini ya kawa, asubuhi ukapashwa na chai, najua hamtanisamehe kuugusa. Mchele huja na bakteria wenye mbegu sugu zisizokufa kwa kuchemshwa; wali ukikaa na uvuguvugu usiku kucha, mbegu huamka na kutengeneza sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa, iwe kwa maikrowevu au kwa mkaa. Mtasema babu alikula kiporo mpaka uzee. Alikula, naam, na alipoharisha lawama ilimwendea jirani mwenye kijicho. Ushauri wa huku ni wali upozwe ndani ya saa moja hivi, uingie friji, uliwe ndani ya saa 24, na upashwe mara moja tu.

Vyombo navyo vina kesi. Kijiko cha chuma hutoa cheche. Yai na ganda lake hulipuka. Chupa ya maziwa ya mtoto huonekana vuguvugu kwa nje na kuunguza ndani. Maji matupu kwenye kikombe laini yanaweza kupita kiwango cha kuchemka yakiwa yametulia, kisha yakafoka usoni ukitia majani ya chai. Tangulizeni kijiko cha mti. Na zile sahani za melamini zenye maua, fahari ya kila kabati la Tanga, hazifai kuingia humo kabisa, kwani zikipata moto mkali huachia kemikali kwenye chakula. Kwa hiyo mkipata msafiri wa kuja huku, mfungieni bakuli la udongo. Papa mkavu pia msimsahau. Namna ya kumpasha bila majirani kuita zimamoto, hilo niachieni mimi.