Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi: Lundo Letu Linaomba Anwani

Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri,

YAH: MAOMBI YA LUNDO LA KIFUSI KUPEWA KIBAO CHA ANWANI YA MAKAZI

Husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wa mtaa mmoja wa bondeni hapa Dar es Salaam. Ada ya taka nalipa kila mwezi na stakabadhi ninazo. Nakuandikia kwa niaba ya mkazi mwenzetu asiyejua kuandika. Amekaa kwenye kona ya mtaa wetu tangu Novemba 2023, hajagombana na mtu, hajahama hata siku moja. Mwaka 2022, wakati wa lile zoezi la kubandika vibao vya anwani za makazi, alikuwa bado hajazaliwa, ndiyo maana akakosa namba. Ni Lundo la Kifusi. Naomba apewe.

Sifa za kuwa mkazi anazo. Watu wa bodaboda hawasemi tena jina la mtaa, wanasema "Lundoni". Mgonjwa akiagiziwa dawa, anaelekeza: ukifika Lundo, kata kushoto. Hata mjumbe, akiitisha mkutano, anasimama juu yake ili aonekane.

Nasaba yake iko wazi. Jirani yetu alivunja nyumba ya marehemu mama yake ili apandishe ghorofa. Alipoomba kibali cha ujenzi aliulizwa idadi ya vyumba, choo kitakaa wapi na shimo la maji machafu litakuwa na kina gani. Nyumba ya zamani itaenda wapi, hakuna aliyemuuliza. Mafundi wana msemo kwamba zege halilali, na ni kweli: la ghorofa lilimwagwa usiku kucha, saidia fundi wakipokezana ndoo hadi adhana ya alfajiri. Lakini zege likishavunjwa, Ndugu Mkurugenzi, linalala. Hili letu limelala mpaka limeota mpapai.

Nilijaribu kumtafuta mwenye Lundo. Vijana wa gari la taka waliniambia, "Mzee, hii siyo taka, hiki ni kifusi," wakabeba maganda yangu ya ndizi wakaondoka. Ofisi ya mtaa ikanielekeza kwa mwenye nyumba. Mwenye nyumba akasema kazi hiyo alimpa fundi mkuu. Fundi mkuu akasema alishamlipa dereva wa fuso. Dereva, ambaye ndiye pekee aliyenijibu bila kukunja uso, akasema alipiga tripu tatu na hela ya tripu ya nne hakuiona. Kwa hiyo Lundo ni tripu ya nne. Tangu mwanzo hadi leo, walioshughulika naye kwa wakati ni vijana wa vyuma chakavu tu: siku mbili, nyundo mkononi, nondo zote wakazimaliza.

Na zile tripu tatu? Zilikwenda kwa mteja. Mteja ni bwana mmoja aliye jirani na mto, aliyesimamisha kibao kisemacho MWAGA KIFUSI HAPA BURE. Kiwanja chake kilikuwa kinajaa maji kila masika, akakiinua. Maji yakahamia kwa jirani yake, naye akasimamisha kibao. Sasa bonde zima liko kwenye mashindano ya kuinua viwanja, na mto wenyewe, ambao haukualikwa, unabeba maji yale yale kwenye njia inayozidi kuwa nyembamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kudumu zisifanyike ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huku kwetu mita hizo zimetumika zote, na nyingine tumeazima ng'ambo.

Kuna jambo dogo limenichekesha, naomba nilichomeke hapa. Mchanga uliojenga ghorofa la jirani ulichotwa mto huo huo, usiku, kwa sababu ni marufuku. Kifusi cha nyumba yake kilirudi mto huo huo, usiku, kwa sababu ni marufuku. Sijaona ofisi yoyote yenye mzunguko wa faili uliokamilika namna hii.

Kuhusu mtaro wa mtaa wetu, pokea pongezi. Mvua za El Niño zilipotukamata mwishoni mwa mwaka 2023, vijana wenu walikuja kuuzibua. Wakatoa tope, chupa, vipande vya tofali na matawi, wakavipanga ukingoni, sentimita 30 kutoka vilikotolewa. Wakapiga picha, wakaenda. Usiku mvua ikanyesha, ikavirudisha kila kimoja mahali pake.

Kisha Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga Mafia na sisi huku tukaonja upepo wake. Mwarobaini wa mtaani ukaanguka, mabati ya banda la mama lishe yakaruka. Tulitoka watu wazima, tukakusanya, tukatazamana, tukapeleka vyote kwa Lundo. Mimi mwenyewe nilibeba. Sipendi kudanganya kwenye barua ya kiofisi. Asubuhi ile tulikuwa na vitu vitatu vyenye bei: kuni, mabati chakavu, na kifusi kisafi cha kushindilia barabara. Jioni tulikuwa na kitu kimoja kisichotakiwa na mtu.

Tangu hapo Lundo ana familia. Juu kabisa kuna sinki la choo lililotupwa likiwa zima, linalokinga maji ya mvua vizuri sana, na mbu wa dengue, wanaopenda maji ya namna hiyo, wameshalipanga. Wewe ulikuwepo mjini mwaka 2014 na 2019, sina haja ya kukueleza dengue. Katikati kuna mbao zenye misumari, na watoto wawili wa mtaa huu wamekwisha kuchomwa sindano ya pepopunda. Chini kabisa kuna vipande vya paa la asbesto la nyumba ya zamani, ambavyo watoto huvivunja kwa sababu vinalia vizuri. Vumbi lake likiingia pafuni halitoki, na saratani yake huweza kusubiri miaka 30 au zaidi ndipo ibishe hodi. Ofisi yako isiwe na wasiwasi: wewe na mimi tutakuwa tumestaafu.

Nasikia kuna watu wanakushauri vibaya. Wanasema mwombaji wa kibali cha kuvunja aoneshe kwanza kifusi kitakwenda wapi, aweke dhamana, na arudishiwe akileta risiti ya mahali kilipopokelewa. Ili kuwe na risiti, itabidi kuwe na mahali. Ili pafae, itabidi pawe karibu, maana dereva wa fuso hawezi kuvuka jiji zima hadi dampo la Pugu Kinyamwezi kwa malipo ya tripu ya mtaani. Wanataka pia mashine ya kusaga zege liwe kokoto, asbesto iloweshwe na kufungwa kwenye nailoni kabla ya kuguswa, na tope la mtaro lipakiwe siku ile ile. Ukiwasikiliza, sisi tutaelekezanaje nyumbani?

Kule Berlin, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, walirundika kifusi cha mji mpaka wakapata mlima, unaitwa Teufelsberg, una mita 120 hivi juu ya usawa wa bahari, na watu huupanda kwa starehe. Lundo ana mita mbili na nusu. Ni mvumilivu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Lundoni

Nakala: Dereva wa fuso (tripu ya nne)

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua hii, Lundo amepata mnunuzi. Jana saa nane usiku fuso liliingia taa zikiwa zimezimwa, likambeba na mpapai wake, na asubuhi nimemkuta ametandazwa kwenye kiwanja kipya, hatua kumi kutoka mtoni. Kwa hiyo naomba kibao kipelekwe huko. Sinki la choo limebaki hapa. Lundo akirudi na maji wakati wa masika, nitakujulisha.