Utukufu wa Mkweche

Watu wema wa Kilwa wamenichosha kwa nasaha. Nikipita Masoko naambiwa niuuze mkweche wangu. Nikienda Kivinje naulizwa, kwa sauti ya mtu anayeulizia mgonjwa, kama bado ninao. Pale Nangurukuru, njia panda ambako kila muuza machungwa ni mtaalamu wa injini, vijana wa bodaboda hunipa pole kabla hatujasalimiana. Gari lenyewe ni saluni la gia za mkono lenye namba A, yaani liliandikishwa nchini kabla herufi hazijafika B, C, D na hii E ambayo mtu akiipata hupigwa picha ameegemea boneti. Wote wananitaka ninunue jingine, lililotumika pia, ila lenye nafuu.

Sina ugomvi nao, lakini naona pana dhuluma. Washairi wa mwambao wamesifu vyombo vya baharini, minazi na wanawali. Mkweche, uliobeba wagonjwa, mbuzi, magunia ya ufuta na maharusi wa nusu ya wilaya hii, haukuachiwa hata ubeti mmoja. Vina siviwezi, basi nitausifu kwa nathari.

Nianze na utii wake wa sheria. Barabara kuu kutoka Somanga hadi Lindi ina vijiji vingi, kila kijiji kina kibao cha 50, na mahali fulani kivulini mwa mkorosho amesimama askari na tochi. Wenye magari mazima huvutwa pembeni wakaandikiwa 30,000. Mkweche wangu haujapata kuandikiwa mwendo kasi hata siku moja, hata kwenye mteremko wa kushukia Mbwemkuru upepo ukiwa nyuma. Ushahidi wa mshale sina, kwa sababu mshale wa spidi ulikwishalala zamani; lakini baiskeli zilizotupita ni mashahidi tosha. Kweli, huandikiwa mengine: wipa moja badala ya mbili, taa ya breki, tairi lenye upara, kioo cha pembeni kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hayo ni makosa ya sura. Tabia yake haina doa.

Wezi nao huuheshimu. Mlango wa dereva hufunguka kwa mpini wa kijiko, wa abiria haufunguki kabisa, na ufunguo hubaki mahali pake mchana na usiku kwa kuwa ukiuchomoa hautarudi. Atakayeuiba atahitaji wenzake wanne wa kusukuma, na hapa Kilwa watu watano hawajawahi kuwa na siri.

Huko kusukuma ndiko hasa kunakoufanya mkweche kuwa taasisi. Betri ikigoma alfajiri, wanaotoka msikitini hukunja kanzu bila kuombwa. Wa CCM na wa upinzani, wa Simba na wa Yanga, huweka mabega kwenye buti moja. Nimewashuhudia ndugu wawili, waliokuwa hawasemezani kwa sababu ya shamba la minazi, wakiulizana "tayari?" nyuma ya gari langu. "Babu, tia namba mbili, achia klachi nikisema!" hupiga kelele kijana ambaye jana aliniamkia shikamoo kwa haya, nami natii. Gari la otomatiki halina baraka hizi. Betri yake ikifa limegeuka kibanda. Lisukume hadi Mpara, haliwaki. Wanaotafuta gari la kuendea Liwale au Kiswere wangelifikiria jambo hilo kabla ya kuulizia rangi.

Halafu kuna elimu. Rejeta yangu inavuja, kwa hiyo nayajua maji yote ya njia hii: Matandu upande wa kaskazini, Mavuji huku kwetu, kisha Mbwemkuru mpakani na Lindi. Wengine huisoma mito hiyo kwenye ramani. Mimi nimeteremka na dumu la lita tano katika kila mmoja, nikajua upi hubaki mchanga mtupu kiangazi na upi una matope yanayovua viatu. Najua pia nyumba ambazo mama hutoa maji ya kisima kabla hujaeleza shida. Kiranjeranje watoto wananiita Mjomba Maji. Fundi alipochoshwa na malalamiko yangu aliitoa thamostati, kama wafanyavyo mafundi wengi wa pwani, akasema kifaa kile ni cha nchi za baridi. (Si kweli. Bila thamostati injini huchelewa kufikia joto lake, hunywa mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Lakini mwambie fundi maneno hayo chini ya mwembe wake mwenyewe, uone kama utarudi nyumbani na gari.)

Chumvi ya Kilwa nayo inastahili kutajwa. Upepo wa baharini huyala mabati kuanzia ndani, chini ya zulia, kwenye kingo za milango na kwenye matao ya matairi, kule mnunuzi aliyevutiwa na rangi hatazami. Gari linalotoka Dar limeng'aa linaanza kuliwa siku lifikapo Masoko. Mkweche ulishaliwa, bati lililobaki ni lile ambalo bahari yenyewe imelishindwa. Tundu la sakafuni huingiza hewa kaskazi ikivuma, hutoa maji masika, na limewahi kunirudishia shilingi iliyodondoka, baada ya kurudi nyuma hatua chache.

Wachumi wangeupenda. Mwaka 2017 serikali iliifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya magari, ikaongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Maana yake gari lisilotembea halidaiwi. Waungwana wenye magari mazima hulipia barabara kila wanapojaza tangi, mkweche wangu umekaa gereji kwa utulivu, hauna deni na mtu isipokuwa fundi.

Tumtazame sasa huyo ninayeambiwa nimlete badala yake. Ni mstaafu wa Japani. Huko gari la mtu binafsi hukaguliwa likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kadiri linavyozeeka ndivyo matengenezo ya kulipitisha yanavyomuumiza mwenyewe, hadi anaona heri auze. Usukani wake uko kulia kama wetu, basi linapandishwa melini. Kenya hulikataa likizidi miaka 8, Uganda likizidi 15. Sisi hatumfukuzi mzee, tunamtoza: ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, VAT, na saluni likizidi miaka 10 huongezewa 30% kwa huo uzee wake. Sijui mahali pengine katika nchi hii ambapo umri unathaminiwa hivyo; wastaafu wanaofuatilia mafao wangetamani kuwa magari. Likishalipiwa hupewa namba ya mtoto mchanga, E, mtu mzima wa miaka 18, na mtaa mzima husema fulani kanunua gari jipya.

Redio yake imetengenezwa kwa masafa ya kwao, yanayoanzia 76 na kuishia karibu na pale ambapo stesheni zetu ndiyo kwanza zinaanza, kwa hiyo bila kifaa cha kubadilisha masafa utasikiliza mkwaruzo hadi Mchinga. Ukiwasha swichi, sauti ya bibi wa Kijapani hutoa tangazo kwa adabu kubwa. Shangazi yangu, akipanda gari la namna hiyo, humwitikia "marahaba, mwanangu" na safari huanza kwa heri.

Anayekuuzia si Mjapani, ni dalali. Msimu wa ufuta au wa korosho ukifika, minada ikianza kulipa, dalali huota kila kona ya mji. "Mzee wangu, chuma hiki hakina kipengele. Injini haijafunguliwa. Ilikuwa ya mama mmoja, mwalimu, anaendea kazini tu, taratibu. Maongezi yapo." Walimu wa kike wa nchi hii, kwa hesabu za madalali, wamemiliki magari mengi kuliko bandari ilivyopata kuyapokea.

Nikiri kwamba, kama ningelazimishwa kuchagua, najua ningetazama nini. Ningeacha Land Cruiser mkonga kwa halmashauri na mashirika, maana bei yake ni shamba la mikorosho pamoja na mwenye shamba. Ningetafuta injini ya 1NZ, ya cc 1,500, ile inayopatikana kwenye IST, Raum, Spacio na Probox, kwa sababu fundi wa Nangurukuru anaifungua akiwa anaongea na simu, na spea ukiikosa kwa moja unaichukua kwa mwenzake. Ukipiga simu Gerezani, Dar, asubuhi, basi linakuletea. Ningechagua lililoinuka kidogo, maana ukiacha lami ya barabara kuu, njia za vijijini hazina huruma na tumbo la gari. Rangi ningeiacha kwa mke wangu. Ningelala chini kutazama kutu kabla ya kusikiliza muziki. Lakini sijalazimishwa.

Na wanaodhani kutumia kilichochakaa ni aibu ya leo hawaijui historia ya kusini. Mwaka 1915 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliangamizwa kwenye delta ya Rufiji, kwa jirani zetu wa kaskazini. Wajerumani waliitoa mizinga yake 10, wakaipeleka kwenye karakana za reli Dar es Salaam, wakaifungia magurudumu na kupigana nayo nchi kavu. Kunyofoa spea kwenye skrepa, basi, ni elimu tuliyoonyeshwa na wakubwa. Waingereza nao walipoleta Mpango wa Karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwa moja ya sehemu zake, hawakupata trekta mpya za kutosha kwa kuwa vita ilikuwa imekwisha juzi tu. Wakanunua zilizotumika, nyingine zikiwa masalia ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na vifaru vya Sherman vikageuzwa trekta na kuitwa Shervick. Nyingi zilikufa shambani. Mpango ulivunjwa mwaka 1951, hasara pauni milioni 36, na reli iliyojengwa kutoka ghuba ya Lindi kwenda Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dola yenye wahandisi wake wote ilinunua mitumba kana kwamba haikuwa na fundi wa kusikiliza injini. Hapa kwetu hata mnunuzi wa pikipiki hafanyi hivyo.

Nahodha wa Kivinje akibadilisha mbao tano za jahazi lake, hakuna anayemwambia auze anunue jipya, humpongeza. Mimi nikibadilisha bushi, shokapu na rejeta naambiwa natupa hela. Nimeuliza tofauti ni nini, sijajibiwa.

Nimebakiza fadhila iliyo kubwa kuliko zote. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani hii, mvua ikaikata barabara kuu Somanga na Matandu, kusini ikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Malori, mabasi na V8 za wakubwa zilipanga foleni moja, watu wakalala vitini, wakanunua maji na mihogo kwa bei ya msiba. Magari yale yalikuwa mazima. Ndiyo maana yalifika pale. Mkweche wangu siku hizo ulikuwa umekaa juu ya mawe, matairi yametolewa, ukisubiri bushi kutoka Gerezani, na bushi zenyewe zilikuwa ndani ya mojawapo ya mabasi yaliyokwama. Nilikula wali kwa pweza nyumbani kwangu, nikalala kitandani kwangu, nikawaombea wasafiri.

Kwa fadhila hizi zote ni dhahiri kwamba mtu mwenye akili timamu hawezi kuachana na chombo kama hiki, labda ufuta wa mwaka huo uwe umeuzika vizuri sana. Na mwaka huu, alhamdulillahi, umeuzika. Anayependa kuuona mkweche ataukuta Nangurukuru, chini ya mwembe wa fundi, umeegeshwa kuelekea mteremko. Kadi ipo. Injini haijafunguliwa mwezi huu. Ulikuwa wa mzee mmoja, mwandishi, anaendea kazini tu, taratibu. Milioni tatu, maongezi yapo. Mje watu watano, na mmoja wenu awe anajua kuendesha.