Daftari Lisilong'olewa Ukurasa

Jumatatu
Gundi nyeupe iliniishia jana usiku, nikapika ya unga wa ngano: vijiko viwili vya unga, kikombe cha maji, moto mdogo, koroga mpaka ishike kijiko. Nikabandika tikiti ya basi la Lamu na kipande cha ramani, nikaacha daftari wazi mezani likauke. Mende wakaja usiku. Asubuhi ukingo mzima wa ramani ulikuwa umeliwa, meno madogo madogo, mashimo na pembe. Nimeukazia macho muda mrefu kabla ya kwenda kazini. Umekaa kama pwani yenyewe, hori na rasi. Nikaufuata kwa wino mweusi, polepole, nisipoteze hata jino moja.

Nikipika tena nitatia matone mawili ya mafuta ya karafuu. Wafunga vitabu wa zamani walifanya hivyo ili gundi yao isiote ukungu, na natumaini mende nao hawaipendi harufu.

Jumanne
Mvua za kusi. Mombasa yote imelowa na kurasa zimejikunja kama papa mkavu. Nikapiga pasi. Nilisahau kuwa katikati nilibandika risiti ya duka la rangi, ya siku niliyonunua brashi zangu za kwanza. Karatasi za risiti za siku hizi hazina wino. Zimepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto. Ilipoguswa na pasi ikawa nyeusi tii, bei na tarehe zote zimezama.

Mkono ulishika ukurasa kuung'oa. Sikuung'oa. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapishaji, na kutwa nzima mtu mwingine ndiye anayeniambia hili limepinda milimita mbili, rudia, ile bluu si bluu ya mteja, rudia. Daftari hili nilipolianza nilijiwekea sharti moja tu, kwamba hakuna ukurasa utakaotoka. Bila sharti hilo ningekuwa mteja wangu mwenyewe. Basi nikachukua kalamu nyeupe, juu ya ule weusi nikaandika ninachokumbuka: brashi tatu, kopo la nyekundu, kopo la nyeupe, na mvulana wa dukani aliyeniuliza kama mimi ni mwalimu.

Jumatano
Sikubandika kitu. Umeme ulikatika magharibi, ukarudi nimelala.

Alhamisi
Nilikoroga bizari kwa maji ya moto nikapaka ukuta wa ua wetu, ukurasa wa kushoto wote. Manjano ya bizari haipatikani katika kopo lolote. Ina vumbi na ina jua. Nikaenda kuosha brashi kwa sabuni ya mche, nikarudi nayo ikichuruzika, tone la povu likaanguka katikati ya ukuta. Hapo hapo pakageuka pekundu kama mate ya tambuu. Bizari ikiguswa na sabuni, chokaa au magadi hugeuka hivyo, jambo ambalo kila mwanamke aliyefua nguo yenye mchuzi analijua, nami nilikuwa nimelisahau.

Nikayeyusha magadi kwenye kifuniko cha chupa, nikachovya kijiti. Tone baada ya tone, bogainvilia ya jirani ikapanda ukuta. Nilikaa nayo hadi saa sita usiku. Rangi hii huchujuka upesi juani, lakini ndani ya daftari lililofungwa itakaa.

Ijumaa
Nimerudia kitabu cha kurasa za Dan Eldon, *The Journey Is the Destination*, kilichotoka 1997. Alizaliwa London 1970, akakulia Nairobi, akaacha madaftari 17 yaliyojaa picha, ramani na wino uliopakwa juu ya picha mpaka sura zikazama. Aliuawa Mogadishu Julai 1993 akipiga picha za vita, pamoja na wanahabari wenzake Hansi Krauss, Hos Maina na Anthony Macharia. Alikuwa na miaka 22. Nikikifungua huwa natafuta pale rangi ilipomwagika. Haikufutwa. Kimebandikwa kitu kingine juu yake, kisha kingine, na ukurasa ukaendelea kwenda unakotaka. Kijana wa umri ule alilijua jambo ambalo mimi nalijifunza kwa pasi na mende.

Nilimwagia chai ukurasa wa leo. Umepokea.

Jumamosi
Kile kipande cha leso nilichokata wiki iliyopita, nikidhani ni tambara la kufutia, ni upande wa doti aliyonunuliwa mama na marehemu baba pale Biashara Street. Ameuona leo daftarini.

"Mwanangu, ungeniomba."

"Nisamehe, mama. Sikujua."

Akanyamaza. Akapitisha kidole kwenye pindo, kisha kwenye jina la leso, herufi moja moja, kama anayesoma gizani. Nilikuwa tayari kukibandua, hata ukurasa ukichanika, hata sharti livunjike.

"Wacha," akasema. "Lakini umekipindua. Jina liko kichwa chini."

Kweli, nilikuwa nimekibandika juu chini. Akaligeuza daftari zima mapajani mwake, akasoma. Kisha akaenda chumbani akarudi na kipande kingine, cha pindo lile lile, akakiweka mezani mbele yangu.

Nimekibandika ukurasa unaofuata, na nimeanza kuandikia upande wa mama.