Namna ya Kujifanya Mjuzi wa Mvinyo Njiani Kwenda Lushoto

Anza mapema, gari likiwa bado Mombo. Mbele yenu kuna zaidi ya kilomita 30 za kona, na abiria aliyeshika mfuko wa kutapikia hana nguvu za kubishana.

Kona ya kwanza, taja Shiraz. Sema ni zabibu nyekundu na jina lake limetoka mji wa Shiraz, Uajemi. Ilisafirije, usieleze. Pwani yote ina wazee ambao mababu zao walishuka jahazini kutoka hukohuko, na hakuna aliyewahi kuwadai nauli.

Tatizo ni kijana wa chuo aliyekaa kiti cha nyuma. Atasema Wafaransa huiita Syrah, na kwamba mwaka 1998 vipimo vya vinasaba viliwafichua wazazi wake: Dureza na Mondeuse Blanche, zabibu za kusini mashariki mwa Ufaransa. Mwajemi wako ni Mfaransa kwa baba na mama! Usitetereke. Mjibu kwamba mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha vipimo vya mifupa kutoka makaburi ya kale ya Waswahili, na damu ya Uajemi ikaonekana, hasa upande wa kina baba. Wazee wamefaulu, zabibu imefeli. Kisha sinzia haraka, asije akauliza hayo yanahusianaje na mvinyo.

Mkifika Soni, ulizia mvinyo wa Sakharani, wa wamisionari Wabenedikti. Inua glasi, izungushe, nusa, kunja uso kama anayesoma bili ya maji, useme: "Napata matunda ya msituni." Matunda gani, usiyataje. Mama wa Kisambaa anayeuza mapeasi pale kando ya barabara anayajua yote kwa majina, naye anakusikia.

Mtu akiuliza maana ya jina Sakharani, hapo huhitaji maabara. Afisa wa Kijerumani Tom von Prince, aliyepigana na Mkwawa, alikuja kulima Usambara. Wenyeji walikwishampachika jina la Bwana Sakarani. Alikufa katika vita vya Tanga, Novemba 1914. Jina lilibaki shambani, wamisionari wakalirithi, na leo ndilo la mvinyo wao.

Sakarani ni neno la asili ya Kiarabu. Maana yake ni mlevi.